Kutoka Kioo cha Simu hadi Kitanda cha Mgonjwa: Uhakiki wa Lugha ya Elimu ya Afya

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuelekeza macho yao kwenye ushairi, riwaya na tamthilia. Maandishi ya kila siku, kama vile maelezo ya dawa, matangazo ya chanjo na mafunzo ya lishe, aghalabu huachiwa watu wa taaluma nyingine, kana kwamba lugha iliyomo haina fani wala maudhui yanayostahili kuchunguzwa. Mazoea hayo yana hasara. Shairi likieleweka vibaya, msomaji hukosa ladha yake; maelezo ya dawa yakieleweka vibaya, mgonjwa anaweza kupoteza uhai.

Makala hii inakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi hayo, yaani maelezo ya afya yanayopatikana katika intaneti, hasa yanapochukuliwa na muuguzi wa Kenya na kutumiwa kumfundishia mgonjwa. Hoja kuu ni kwamba maandishi hayo, hata yakiwa sahihi kitabibu na hata yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili sanifu, bado si elimu ya afya. Huwa elimu pale tu yanapotamkwa na muuguzi, yakasikiwa na mgonjwa, na mgonjwa huyo akayarudisha kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo usanifu wa istilahi hautoshi kuwa kipimo cha uhakiki wake. Kipimo ni kile ambacho mgonjwa atakifanya atakapofika nyumbani.

Muuguzi kama mfasiri

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, pamoja na manufaa na hatari zake. Sheria hizo zikisomwa pamoja, ni dhahiri kwamba kumweleza mgonjwa kwa lugha asiyoielewa ni sawa na kutomweleza.

Hata hivyo mtu anayetarajiwa kuitimiza haki hiyo, yaani muuguzi, amefunzwa kazi yake kwa Kiingereza. Vitabu vyake ni vya Kiingereza, mitihani yake ni ya Kiingereza, na kadi anayoijaza kitandani ni ya Kiingereza. Tangu mwaka 2005, shirika la AMREF lilipoanza kuwaelimisha wauguzi wa Kenya kwa njia ya kompyuta ili wapande daraja, elimu ya mitambo imewafikia wengi waliokuwa mbali na vyuo; lakini nayo ilikuja kwa lugha ile ile. Hivyo muuguzi anapofungua simu yake wodini ili atafute namna ya kumweleza mama mjamzito juu ya upungufu wa damu, kwa kawaida huanza na ukurasa wa Kiingereza. Huusoma, huufupisha, huufasiri, kisha huutamka, yote hayo kwa dakika chache na mbele ya foleni ndefu. Nchini Kenya kuna lugha zaidi ya 40, na kwa hiyo mara nyingi safari haiishii hapo: kutoka Kiswahili maneno hupelekwa tena katika Kikamba, Kiluo au Kiturkana.

Kazi hiyo ni tafsiri. Mfasiri wa riwaya hupewa muda, kamusi na mhariri. Muuguzi hapewi hata kimoja, ingawa kosa lake ndilo lenye gharama kubwa zaidi. Taaluma ya lugha haina budi kuitambua kazi hii kwa jina lake kabla ya kuilaumu.

Maandishi na hadhira yake

Swali la kwanza la mhakiki yeyote ni hili: maandishi haya yaliandikiwa nani? Shirika la Afya Duniani lina lugha rasmi sita, na Kiswahili si mojawapo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianzisha huduma ya MedlinePlus mwaka 1998, na katika lugha nyingi zinazopatikana humo Kiswahili kimo. Kitabu cha David Werner, kinachojulikana kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari, kilienea katika vijiji vya Afrika Mashariki kabla ya kuwako kwa intaneti. Tangu mwaka 2009 zimekuwako pia mashine za kutafsiri zinazogeuza ukurasa wowote kuwa Kiswahili kwa kubonyeza mara moja. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba Kiswahili hakimo katika intaneti. Swali ni kama Kiswahili hicho kinamlenga mgonjwa wa Machakos au wa Kwale.

Maandishi mengi ya Kiswahili yanayotoka Marekani yaliandaliwa kwa ajili ya watu waliohamia huko, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Hadhira hiyo inastahili kuhudumiwa, lakini si hadhira ya muuguzi wa Kenya. Ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya Marekani humwambia mgonjwa aliyezidiwa apige simu nambari 911. Nchini Kenya nambari za dharura ni 999 na 112. Humwambia kwamba joto la mwili likifika 100.4 ni homa, kwa kuwa huko hupima kwa kipimo cha Fahrenheit. Kipimajoto cha Kenya kitasoma 38. Humwambia kwamba sukari ya mtu aliyefunga ikifika 126 ni dalili ya kisukari, kwa kuwa huko huhesabu miligramu katika desilita. Kipimo kinachotumiwa Kenya ni milimoli katika lita, na kiwango kile kile huandikwa 7.0. Mgonjwa aliyesoma 126 kwenye simu, kisha akaona 14 kwenye mashine ya zahanati, anaweza kurudi nyumbani akishukuru kwamba sukari yake iko chini sana, hali iko juu maradufu.

Katika mfano huo hakuna neno hata moja lililotafsiriwa vibaya. Kosa limo katika hadhira. Ndivyo ilivyo pia kwa kurasa za lishe zinazosifu samaki na mboga ambazo mgonjwa hajapata kuziona. Muuguzi aliye hodari huziondoa, na mahali pake huweka omena, ndengu, sukuma wiki na maharagwe. Hatafsiri neno kwa neno. Hutafuta kitu kinachofanya kazi ile ile katika sufuria ya mgonjwa.

Saa na siku

Mfano ulio wazi zaidi wa hatari ya lugha katika tiba ni hesabu ya wakati. Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na saa moja ya asubuhi ni ile ambayo saa ya ukutani huonyesha 7. Kila mtoto wa Afrika Mashariki analijua jambo hili, na pengine ndiyo maana halitiliwi maanani na wanaotafsiri maelezo ya afya.

Tuseme mgonjwa wa kisukari anatakiwa kupimwa damu asubuhi kabla ya kula. Ukurasa wa Kiingereza unasema asile kuanzia saa sita za usiku, lakini umeandika tarakimu 12. Mfasiri mwenye haraka, awe mtu au mashine, ataandika "usile chochote kuanzia saa 12 usiku". Mgonjwa atasikia saa kumi na mbili, giza linapoingia, na ataacha chakula cha jioni. Akipimwa saa mbili ya asubuhi, atakuwa amekaa na njaa saa 14 badala ya 8. Ikiwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, huenda sukari yake ikashuka mno usiku akiwa peke yake. Neno lililomletea hatari ni tarakimu ambayo kila mmoja aliiona kuwa nyepesi.

Au tuchukue agizo la kumeza dawa "kila saa 8". Likisomwa kwa sauti, laweza kuwa na maana mbili: kila baada ya muda wa saa nane, au kila ifikapo saa nane, yaani mara moja kwa siku baada ya chakula cha mchana. Kwa jicho la mwandishi sentensi haina utata. Kwa sikio la msikilizaji utata upo. Agizo lililo salama ni lile linalofungamanishwa na shughuli za siku ya mgonjwa: kidonge kimoja alfajiri, kimoja mchana wakati wa kurudi kutoka shambani, kimoja kabla ya kulala.

Hata usemi uliozoeleka sana, "kutwa mara tatu", hauna budi kuchunguzwa. Kutwa ni mchana wote, tangu asubuhi hadi jioni; ndiyo maana lugha ikahitaji kusema kutwa kucha inapotaka kutaja saa zote 24. Shule ya kutwa ni ile ambayo wanafunzi wake hawalali huko. Mgonjwa anayeijua lugha yake vizuri anaweza kabisa kumeza vidonge vyote vitatu kati ya asubuhi na magharibi, kisha akaacha usiku mzima bila dawa, hali dawa hiyo imekusudiwa kugawanywa kwa vipindi vilivyo sawa. Hapa anayekosea ni anayetoa agizo, na mgonjwa ndiye aliyefuata Kiswahili.

Istilahi na sikio

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ya kujivunia. Jina UKIMWI lilitokana na maneno yanayoeleza ugonjwa wenyewe, likaenea kote na kuingia hata katika nyimbo na mazungumzo ya sokoni. Neno chanjo lilikuwa na bahati njema zaidi, kwa sababu watu walikuwa wakichanja na kuchanjwa kabla sindano haijafika. Istilahi mpya ilikuta tendo na jina vipo. Lakini si kila istilahi iliyopokewa na kamati imepokewa na sikio.

Maneno chanya na hasi yanafaa katika hesabu na umeme. Yanapohamishiwa katika vipimo vya maabara, huleta balaa. Mtu aliyezoea kusikia mtazamo chanya na maendeleo chanya akiambiwa kwamba matokeo yake ya kifua kikuu ni chanya, ana kila sababu ya kufurahi. Akiambiwa ni hasi, ataogopa, na katika baadhi ya masikio neno hilo litaamsha kitenzi hasi, yaani tendo la kumfanya mnyama maksai. Wauguzi wengi wamekwisha kutatua tatizo hili bila kamati: husema vidudu vimeonekana au vidudu havikuonekana. Usemi huo ni mrefu zaidi, lakini hauna mlango wa nyuma.

Neno wanga nalo lina hadithi yake. Katika vitabu vya sayansi wanga ni kile kilichomo katika ugali, wali na muhogo. Katika Kiswahili cha wazee wa pwani, wanga ni wingi wa mwanga, yaani mchawi atembeaye usiku. Ukurasa unaomshauri mgonjwa wa kisukari ajiepushe na wanga wengi utakubaliwa na mzee huyo kwa moyo wote, lakini sahani yake ya wali haitapungua hata kijiko.

Neno homa limegawanyika kwa mahali. Katika sehemu nyingi za bara la Kenya, mtu akisema ana homa huwa anapiga chafya na pua inamtiririka. Katika Tanzania na katika kamusi, homa ni joto la mwili, na lile la kwanza ni mafua. Maelezo yanayomwambia mama amkimbize hospitali mtoto mchanga aliye na homa yanaweza kuleta makamasi kliniki na kuacha joto kali nyumbani. Jina humwelekeza mtu hatua ya kuchukua. Jambo hili limekwisha kuthibitishwa ng'ambo ya mpaka, kule Bagamoyo, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996. Huko degedege la mtoto lilihesabiwa kuwa ugonjwa mbali na malaria, nalo likapelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, ingawa mara nyingi lilikuwa malaria kali. Lugha ya hospitali na lugha ya nyumbani zilikuwa na majina mawili kwa hatari moja, na hakuna aliyekuwa ameyaunganisha.

Wapo wanaodai kwamba njia rahisi ni kuacha istilahi na kutumia maneno ya mkopo ambayo mgonjwa tayari anayo, kama presha, kansa na eksirei. Dai hilo lina ukweli: neno linalosemwa na kila mtu lina thamani kuliko neno zuri lisilosemwa na yeyote. Lakini mkopo nao huja na maana zake. Mkenya husema presha imempanda alipoudhiwa na mwanawe au alipodaiwa kodi ya nyumba. Akiambiwa kwamba ana presha, anaweza kuamini kuwa dawa ni ya siku za hasira, na kwamba siku za utulivu anaweza kupumzika nayo. Msukumo mkubwa wa damu kwa kawaida hauna dalili inayohisika, na humdhuru mtu akiwa ametulia. Kwa hiyo muuguzi hatakiwi kuchagua kati ya presha na shinikizo la damu kana kwamba anachagua upande katika ugomvi wa wanaisimu. Atatumia neno alilonalo mgonjwa, kisha ataondoa ndani yake maana isiyotakiwa.

Adabu ya maneno

Ukurasa wa intaneti humsemesha kila mtu kwa namna moja. Hautambui kama msomaji ni mzee wa miaka 70 au kijana wa miaka 17. Huamrisha: usinywe, usile, punguza uzito. Muuguzi wa miaka 25 hawezi kuyatamka hayo mbele ya mtu wa rika la baba yake bila kuvunja adabu, na mgonjwa aliyevunjiwa heshima huitikia "ndiyo, sista" kisha hafanyi lolote. Kwa hiyo amri hugeuzwa kuwa ombi au nasaha: mzee wangu, ingefaa chumvi tuipunguze kidogo. Nafsi ya kwanza ya wingi, ambayo ukurasa hauijui, hapa inafanya kazi kubwa.

Lakini adabu nayo ina mpaka. Tafsida ya sehemu za siri humstahi msikilizaji, ila haimwambii kama dawa inapakwa nje au inatiwa ndani. Neno choo hutaja chumba na pia kile kinachoachwa humo, na mgonjwa aliyeombwa alete choo asubuhi ana haki ya kushangaa. Anayefundisha afya hana budi kujua ni wapi stara inahifadhi heshima na ni wapi inaficha maarifa.

Mfano wa kukosa yote mawili, adabu na maana, ulionekana mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Usemi "umbali wa kijamii" ulichukuliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Kwa watu ambao jamii kwao ni ukoo, ujirani na kuzikana, kuambiwa waweke umbali wa kijamii kulikuwa kama kuambiwa watupane. Kilichotakiwa ni hatua chache kati ya mtu na mtu, na Kiswahili kingeweza kulisema hilo bila kugusa udugu: msikaribiane, lakini msiachane.

Je, tafsiri inatosha?

Mwaka 2015 shirika la Translators without Borders lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kenya juu ya maelezo ya ugonjwa wa Ebola. Waliopewa maelezo kwa Kiingereza walijibu sawasawa asilimia 16 ya maswali. Waliopewa kwa Kiswahili walijibu asilimia 92. Matokeo hayo ni jibu la kutosha kwa wale wanaoshikilia kwamba Wakenya wote wanakijua Kiingereza cha kutosha kujitibu. Hapana shaka kwamba bila Kiswahili hakuna elimu ya afya kwa walio wengi.

Hata hivyo haifai kuyafanya matokeo hayo yaseme yasiyosema. Kujibu swali mara tu baada ya kusoma ni jambo moja. Kukumbuka usiku wa manane ni kidonge kipi, cha nani, na kwa kiasi gani, ni jambo jingine. Zaidi ya hayo, ukurasa mzuri leo huenda ukawa mbovu kesho. Shirika la Health On the Net la Uswisi, ambalo tangu mwaka 1996 lilikuwa likitoa alama ya kuzitambulisha kurasa za afya zinazoaminika, lilifungwa mwaka 2022. Muuguzi aliyezoea kuitafuta alama hiyo amebaki na maswali ya mhakiki tu: nani ameandika, lini, kwa ushahidi gani, na kwa ajili ya nani. Maswali haya ndiyo yanayofundishwa katika idara za lugha kila mwaka, ingawa hufundishwa juu ya riwaya.

Fasihi simulizi ya Kiswahili inalo somo lililo karibu. Mtambaji akisema "Paukwa", hasongi mbele mpaka hadhira imjibu "Pakawa". Jibu hilo si pambo. Ni ushahidi kwamba masikio yapo. Wauguzi wanaofundisha vizuri wana desturi inayofanana na hiyo. Baada ya kueleza, hawaulizi "umeelewa?", kwa kuwa swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Huuliza: "Mama, ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza dawa hii inamezwaje, utamwambiaje?" Hapo ndipo saa 12 na wanga hutoka mafichoni, na kosa husahihishwa kabla halijavuka lango la hospitali. Njia hii haidai mtambo wala fedha. Inadai dakika mbili, na katika wodi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa wengi, dakika mbili si kitu kidogo.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa maelezo ya afya katika intaneti, yanapotumiwa na muuguzi wa Kenya, hautokani hasa na uhaba wa istilahi. Unatokana na hadhira iliyokosewa, na hesabu ya wakati isiyogeuzwa, na maneno yenye maana ya pili ambayo mwandishi hakuisikia, na adabu iliyosahauliwa. Makosa hayo hayaonekani kwenye kioo cha simu. Huonekana yanapotamkwa.

Kwa sababu hiyo, lawama isimwangukie muuguzi peke yake. Idara za lugha zimetoa orodha za istilahi na kuziweka maktabani. Hazijaenda kusikiliza zinavyosemwa. Ingefaa maelezo machache yanayotumiwa kila siku, yale ya kisukari, ya msukumo wa damu, ya uzazi na ya homa za watoto, yasomwe kwa sauti na wanafunzi wa lugha pamoja na wauguzi, mbele ya watu wasio wa taaluma yoyote kati ya hizo mbili, na kila sentensi inayorudi ikiwa imepotoka iandikwe upya. Kazi hiyo haitampa mtu jina la ushairi. Lakini mama anayetoka zahanati na bahasha ya vidonge mkononi anategemea Kiswahili kama mtu anavyotegemea daraja, naye hana nafasi ya kulijaribu mara mbili.